Mji Usio na Kampuni: Safari Yangu kutoka Likasi hadi Tanga

Tangu nirudi siwezi kununua mkate bila kusimamishwa njiani. Huyu anataka kujua kama kweli niliiona bahari, yule anauliza kama niliibiwa Tunduma, na mwenzangu mmoja wa zamani wa kiwandani alinishika mkono baada ya misa akaapa kwamba sitoki pale mpaka nimweleze yote. Nimeeleza mpaka koo limenikauka. Sasa naandika mara moja tu, mpeane daftari hili mkono kwa mkono, mniache nile mkate wangu kwa amani.

Kwa asiyenijua, mimi ni Fabien, fundi umeme mstaafu. Naishi uwanja mmoja, parcelle kama tunavyosema, na dada yangu mkubwa, Josée, ninayemwita Yaya. Binti yake, Mado, ni mshonaji. Miaka mitatu iliyopita mume wa Mado alifukiwa na udongo katika shimo la wachimbaji wadogo upande wa Kakanda, na Mado akabaki mjane mwenye mtoto wa miaka mitano, Grâce. Alimwacha mtoto kwa bibi yake akamfuata rafiki yake hadi Tanga, mji wa pwani kule Tanzania, ambako walisema kitenge kikishonwa na Mkongomani kinagombaniwa. Mwaka huu akapiga simu. Amepata chumba, amepata wateja, sasa anamtaka mtoto wake.

Josée akasema hapana. Grâce amelala kitanda kimoja naye miaka mitatu, na hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuuona huo mji. Tukakaa kikao. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama na neno la mwisho analo mjomba, kwa hiyo macho yote yalinigeukia mimi.

"Fabien, weye njo mujomba," Josée akasema. "Enda ukaangarie. Uulize nani anabakulishaka bale bantu, na nani anabazikaka. Ukirudia bila majibu, mutoto hatatoka mu hii parcelle."

Mtu wa mji mwingine angeyaona maswali hayo, nani anawalisha na nani anawazika, ni ya ajabu. Mtu wa Likasi hayaoni hivyo. Sisi tulizaliwa ndani ya Kampuni, ile ya migodi ya shaba. Kampuni ilimleta babu yangu kwa treni, ikampa nyumba, ikampimia unga kila wiki, ikamtibu, ikawasomesha watoto wake, na alipokufa ikatoa mbao za jeneza. Siku Kampuni ilipoanza kukohoa, mji mzima uliugua. Na mume wa Mado, aliyekuwa akichimba bila kampuni yoyote, tulimzika kwa mbao tulizong'oa kwenye mlango wa jiko langu. Mimi ndiye niliyezing'oa. Kwa hiyo nilipoondoka nilikuwa na maswali mawili tu katika daftari, na nilijua kwa nini yameandikwa.

LIKASI HADI KASUMBALESA

Mzigo wangu ulikuwa begi moja la nguo na mfuko mmoja wa chakula cha Mado: uyoga mkavu, unga wa mahindi uliochanganywa na wa muhogo, na kilo mbili za viwavi vikavu, vile tunavyoviita binkubala. Josée alivifunga mara tatu kwa nailoni. Harufu ilipenya mara tatu vilevile.

Barabara ya Lubumbashi mnaijua, na habari za makaratasi ya mpakani nazirukia, maana nikizianza nitawakasirisha na mimi nitakasirika upya. Nitasema tu kuhusu foleni ya malori. Nimeishi umri wangu wote nikiona shaba ikitoka Likasi, lakini sikuwahi kuiona ikisubiri. Tulipita malori yaliyosimama, tukapita mengine, nikasinzia, nikaamka, na bado tulikuwa tukipita malori. Madereva walikuwa wametundika nguo chini ya matela, wanakaanga samaki, wananyoana. Mmoja alikuwa na kuku aliyefungwa kamba kwenye gurudumu, na yule kuku alikuwa ameshataga.

Nilimuuliza dereva mmoja Mtanzania kama anaijua Tanga. Akasema anaijua vizuri.

"Kule iko Kampuni gani?" nikamuuliza.

"Kampuni zipo nyingi, mzee."

"Ile kubwa, ile inakulisha mji."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa, akanikaribisha samaki. Niliandika katika daftari: dereva hajui.

ZAMBIA, MAHALI AMBAPO BASI LILILALA

Basi letu lilikufa baada ya Mpika, kwenye msitu mtupu, saa nne ya asubuhi. Dereva alisema ni jambo la saa moja. Tulikaa siku mbili.

Siku ya kwanza tuligombana. Siku ya pili tulikuwa tumeshakuwa kijiji. Kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa maharage, Bana Chola, mwanamke mwenye mabega mapana na sauti ya kuamrisha, aliyechukua madaraka bila kupigiwa kura. Aliwagawa abiria: hawa kuni, hawa maji, wewe mzee wa Kongo una nini kwenye huo mfuko unaonuka? Kibemba changu cha kwa mama kilitosha kumjibu. Aliposikia ni viwavi alipiga makofi akanipokonya mfuko mkononi, na nusu ya zawadi ya Mado ikaishia sufuriani, ikikaangwa na nyanya na chumvi, pamoja na bukari, ule ugali wetu ambao wao wanauita nshima. Sijawahi kula viwavi vitamu hivyo, na nawaomba msimwambie Josée.

Tukiwa tunakula nilimuuliza Bana Chola hapa watu wanalishwa na kampuni gani, maana kabla ya msitu ule, kandokando ya barabara niliona nyumba, mashamba, shule, watoto wenye afya, na hakuna bomba la moshi hata moja.

"Mvua," akanijibu, akaendelea kutafuna.

Nilidhani ananitania. Nikamweleza kwamba kwetu, mji ukikosa kampuni ni mji wa njaa. Akauliza, kampuni ikifa je? Nikamwambia ilikufa nusu. Akauliza, mkafa? Nikasema hapana, tulilima kando ya reli, wake zetu wakauza mkate, vijana wakaingia mashimoni. Akainua nyusi.

"Sasa kumbe nani aliwalisha miaka yote hiyo?"

Nikaomba chumvi. Kifaa cha basi kililetwa jioni ya siku ya pili kwa pikipiki, na tulipoondoka watu waliagana mle ndani kama ndugu, ingawa tulikuwa bado tunakwenda pamoja.

TUNDUMA HADI MUHEZA

Tunduma sikuibiwa. Andikeni hilo mlisambaze. Niliulizwa tu na kila niliyefungua kinywa mbele yake kama mimi ni mwanamuziki, kwa sababu ya namna ninavyosema. Nikikana hawaamini. Mwenye kioski cha chai alikataa kunihudumia mpaka niimbe kidogo, nikaimba wimbo wa kanisani wa kutolea sadaka, na watu watatu wakacheza.

Kutoka hapo nchi inapanda, inashuka, inapanda tena. Niliona ndizi, halafu baridi, halafu misitu ya misonobari, halafu bonde zima la mibuyu iliyosimama bila majani. Mikumi niliona tembo. Walikuwa saba, karibu na barabara kiasi kwamba niliona matope yaliyokaukia masikioni mwao. Nikasimama kwenye kiti. Dada niliyekaa naye alikuwa anaongea kwa simu habari za bei ya vitunguu, hakukatisha hata sentensi. Nikajiambia, Fabien, hawa watu wana tembo kama sisi tulivyo na vumbi.

Chalinze tuliiacha barabara ya Dar es Salaam tukashika ya kaskazini, na baada ya Segera nikaanza kuona mashamba ya mkonge. Mmea huu una majani magumu yenye ncha kama visu, na unapandwa kwa mistari iliyonyooka hadi macho yanachoka. Nikafurahi sana. Nikasema, hii hapa, Kampuni yao nimeipata kabla hata sijafika. Nikatoa daftari nikaandika: mkonge.

Halafu basi likasimama Muheza. Wanawake wakalizunguka na machungwa. Yalikuwa yamemenywa ganda la nje kwa duara moja refu, yamepangwa kwenye mabeseni, na nyuma yao milima ya machungwa mengine chini, kwenye malori, kwenye baiskeli, kwenye makuti. Nilikula sita. Nikamuuliza aliyeniuzia kama na yeye anafanya kazi kwenye mkonge.

"Mimi na mkonge wapi na wapi, baba?" akasema akicheka. "Sisi tuna machungwa."

Nikaufuta ule mkonge nusu.

TANGA, NA MAJI AMBAYO NILIYAKATAZA

Mado alinisubiri stendi. Amekonda kidogo, amekuwa mtu mzima, ana miwani. Alinipigia magoti palepale kwenye vumbi kama tunavyofanya kwetu, na watu wa stendi wakasimama kutazama. Nililia, sikuficha.

Anaishi Ngamiani, ambako barabara zimepewa namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ishirini na moja. Mtu aliyeuita mtaa kwa namba nampenda, maana huwezi kupotea kama unajua kuhesabu. Nyumba zao ni za chini, zina baraza mbele, na kwenye kila baraza kuna mtu. Baiskeli ni nyingi kupita miguu. Nimeona baba amempakia mke, mtoto, gunia la mkaa na mche wa mnazi juu ya baiskeli moja, na bado alikuwa anasalimia watu kwa mkono.

Siku ya pili Mado alinipeleka kuiona bahari. Hapa nitawaeleza aibu yangu kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine. Tulishuka Raskazone, miti ikafunguka, na mbele yangu kulikuwa na maji mapana yasiyo na ng'ambo, ya buluu inayong'aa. Sasa mimi nimefanya kazi miaka mingi kwenye jumba la mapipa, ambako shaba inakamuliwa kwa umeme ndani ya maji yenye asidi. Rangi ya maji yale naijua hata usingizini, na ilikuwa rangi hiihii. Mahali pangu pa kazi, ukitumbukiza mkono humo unaupeleka hospitali. Na pale mbele yangu watoto walikuwa wameingia mpaka shingoni.

"Mubatoshe," nikapiga kelele watolewe majini, nikikimbia na viatu. "Mubatoshe batoto mu ile mayi."

Watu waligeuka. Mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa na kanga yake mchangani alisimama akidhani nimemwona papa. Mado alinikimbilia akanishika koti.

"Mujomba, ni mayi tu, paka mayi. Haiko acide. Ona."

Akachota kwa kiganja akanywa kidogo, akatema. Nami nikachota. Ilikuwa chumvi tupu. Nikabaki nimesimama, viatu vimeloa, watoto wa watu wananicheka, na moyo wangu ukajaa kitu ambacho sikuwahi kukisikia hata siku ya ndoa yangu. Maji yote yale, ya rangi ile, na hayamchomi mtu. Nilikaa mpaka Mado akaniambia tunachelewa.

NANI ANAWALISHA

Majuma matatu nilizunguka na daftari. Mado ana meza ya kushonea kwenye baraza la mwenye nyumba wake, Bi Hawa, mjane wa Kidigo anayeuza maandazi na chakula cha mchana. Bi Hawa alinipokea kwa maneno mengi matamu, "karibu mjomba, hapa ni kwako," mpaka nilipofungua mfuko nikatoa binkubala vilivyobaki.

"Mjomba," akasema taratibu, akirudi nyuma hatua moja, "hawa ni wadudu."

Nikamwambia ni nyama safi. Siku hiyo yeye alikuwa amepika pweza kwa nazi, na mimi nilipoona ile mikono yenye vikombe vikombe nilirudi nyuma hatua mbili. Tukatazamana. Mwishowe tulifanya mkataba: yeye kiwavi kimoja, mimi kipande kimoja, kwa wakati mmoja, Mado akihesabu hadi tatu. Pweza ni mtamu, nakiri. Bi Hawa alimeza bila kutafuna, akanywa maji, akasema Mungu ana mengi.

Kila niliyekutana naye nilimwuliza swali langu. Muuza samaki alisema mji huu unalishwa na bahari. Fundi mwashi alisema ni saruji na chokaa, viwanda vipo, nenda kaone. Nikaenda, nikaona vumbi jeupe, nikafurahi kwa sababu lilinikumbusha nyumbani, lakini mlinzi wa getini aliniambia jirani yake upande huu ni mwalimu na upande ule anafuga ng'ombe wa maziwa. Mbeba mizigo alisema ni bandari. Mama wa duka alisema ni wanafunzi wanaopanga vyumba. Kijana mmoja alinieleza habari za bomba la mafuta linalokuja kutoka Uganda hadi pwani yao, na mimi nikaruka. Kampuni, ndiyo hiyo. Nikaandika kwa herufi kubwa na kupiga mstari. Bi Hawa aliposikia akaendelea kukanda unga wake.

"Hilo bomba ni la juzi, mjomba. Kwani kabla yake tulikuwa hatuli?"

Na watu wenyewe vilevile hawakukubali kuwa wa aina moja. Kwenye barabara ile moja ya Mado nilihesabu Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua, Mwarabu mmoja mwenye duka la kahawa, Wapemba wenye boti, na watu wa bara wa kila kona. Hilo halikunishangaza, Likasi nasi tumechanganyika hivyohivyo. Nilitaka tu kujua nani aliwachanganya.

Jibu alinipa Rashidi, fundi baiskeli anayefanyia kazi mbele ya baraza la Bi Hawa, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye mdomo. Babu yake, alisema, hakuwa mtu wa Tanga. Aliletwa kutoka mbali sana, upande wa ziwa lile linalotenganisha nchi yetu na yao, kuja kukata mkonge kwa mkataba. Walikuja maelfu. Mkonge ulijenga reli, ulijenga bandari, ulijenga mji. Halafu bei ikaanguka, mashamba yakafungwa, na watu wakabaki wamesimama.

"Mkafanyaje?" nikamuuliza.

"Kila mtu akatazama alichonacho. Mwenye nazi akakamua, mwenye mtumbwi akavua. Baba yangu alikuwa na spana mbili."

Kumbe na wao walizaliwa ndani ya Kampuni, kumbe iliwafia mikononi, na huu mji niliokuwa nauzunguka kwa mshangao ndio uliobaki baada ya msiba. Mimi ni mtu wa umeme. Najua mashine moja ikizima inavyotia giza mtaa mzima. Hapa niliona watu waliowasha vibatari vidogo vidogo, kila nyumba chake, na mji mzima unaonekana. Nilimtazama Rashidi, mikono yake myeusi kwa grisi, nikaona haya kwa namna nilivyokuwa nikiuliza.

"Hapa haiko Kampuni, mujomba," Mado akaniambia siku hiyo, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Kila muntu iko na yake kidogo. Na minye niko na yangu."

HATUA ISHIRINI

Swali la pili nililiogopa. Huwezi kwenda nyumba ya watu kuwauliza wanazikwaje. Jibu lilikuja lenyewe, alasiri moja ya Jumatano.

Nilikuwa nimekaa na Rashidi akiziba pancha. Nikaona kundi la wanaume linakuja kwa haraka, wamebeba kitanda kilichofunikwa kitambaa cha kijani. Walikuwa karibu wanakimbia. Hakuna gari, hakuna ngoma, hakuna turubai. Mnajua kilio chetu, siku tatu, viti vya kukodi, nyimbo mpaka majirani wanahama. Mimi nilidhani ni mgonjwa anakimbizwa hospitali, nikauliza kwa nini hawatafuti gari.

Rashidi alikuwa ameshaweka spana chini na kufuta mikono kwa mchanga. "Ni maiti, mzee. Twende, ni thawabu."

Nikasimama nikimwambia mimi ni Mkatoliki. Akasema nitembee tu. Barabara nzima ilikuwa imesimama. Muuza kahawa aliacha birika motoni. Mwendesha baiskeli aliiegesha ukutani, akaingia katikati, akaweka bega chini ya mmoja wa miti ya kulibebea jeneza, akaenda hatua chache, mwingine akampokea, na huyo akapokewa na mwingine, na jeneza halikupunguza mwendo. Sijui ni nani aliyenivuta. Nilijikuta na mti begani. Nilihesabu hatua ishirini kabla ya mtu kunipokea, na mzigo ulikuwa mwepesi hivi kwamba niliogopa.

Tuliporudi nilimuuliza Rashidi nani amekufa.

"Mpangaji wa ile nyumba ya kijani. Alikuwa anauza karanga. Mtu wa Kigoma, nadhani, au Tabora."

"Ndugu zake walikuwa wapi? Sikuona mtu analia."

"Ndugu hawajafika. Wamepigiwa simu."

"Sasa nani amemzika?"

Rashidi alinitazama, akatazama barabara, juu na chini, kama mtu aliyeulizwa jua liko wapi. "Sisi," akasema. Akaokota spana yake.

Niliingia chumbani kwa Mado nikafunga mlango. Nilimfikiria mume wake na ule mlango wa jiko langu, nikalia kama mtoto. Katika daftari niliandika neno lile moja la Rashidi, nikaona kazi yangu imekwisha. Mtoto anaweza kuja.

KURUDI

Safari ya kurudi haikuwa na ajabu ila kwamba basi halikuharibika, na hilo ni ajabu tosha. Nilifika Likasi Jumamosi, na Jumapili baada ya misa ukoo ulikaa uwanjani. Nilisoma daftari langu lote. Nilieleza machungwa na chokaa, nikaeleza mkonge ulivyokufa na watu wasife. Nilipofika kwenye jeneza la yule muuza karanga binamu yangu mmoja akafuta macho. Nikafunga daftari. Nilikuwa nimeridhika na nafsi yangu kuliko ilivyofaa.

Josée hakuwa amefuta macho. Alikuwa amekunja mikono.

"Bon," akasema. "Bale bantu banajikulisha. Na banazikaka hata muntu bale habamujue. Ni muzuri. Lakini Grâce haiko maiti, Fabien. Minye nauliza: akitoka ku masomo, nani iko anamungojea?"

Nikafungua daftari. Nikapekua mbele, nikapekua nyuma. Majuma matatu nimeupima mji mzima, samaki wake na saruji yake, na swali hilo sikuliuliza mtu hata mmoja. Watu wakaanza kunong'ona. Niliona neno la mjomba linanitoka mkononi, na nilijua kwamba nikikosa jibu Mado hatampata mtoto wake.

Ndipo nikakumbuka kitu ambacho sikukiandika kwa sababu sikukiona kuwa kitu. Nikamwambia Josée polepole, nikikikumbuka huku nasema. Mbele ya baraza la Bi Hawa ndipo inapopita njia ya shule. Kila mchana, watoto walipoachiwa, Mado alisimamisha mashine, hata kama mteja yuko mbele yake na nguo iko nusu. Alisimama kwenye ngazi ya baraza, mikono tupu, akiwatazama wanavyopita na sare zao mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Halafu alirudi kukaa. Mimi nilidhani anapumzisha mgongo.

Josée alisogea mbele ya kiti chake.

"Kila siku?" Josée akauliza.

"Kila siku niliyokuwa kule, Yaya."

"Na hakusema kitu?"

"Hakusema kitu."

Josée alikunjua mikono akaitazama, akaanza kulia, bila sauti, na mimi nikasogeza kiti changu karibu na chake. Baadaye alijifuta kwa kona ya kitenge.

"Saa ngapi banapitaka, bale batoto?"

"Saa saba ya muchana."

Akatikisa kichwa mara nyingi, kama anajifunza jambo kwa moyo.

"Utamupeleka weye mwenyewe," akasema. "Lakini usifike naye asubuyi. Mungojee mahali ingine mpaka saa saba. Umuvalishe sare kama yabo, umuache apite na benzake mbele ya baraza."